Mpaka wa Hina

Jumatatu, 5 Januari

Kliniki imejaa tena. Sikukuu zimekwisha, Likoni nzima imeleta magonjwa iliyoyaficha tangu Krismasi. Mimi karani wa rekodi, kazi yangu ni kusoma alichoandika daktari, kuutafutia ugonjwa namba yake na kuuingiza kwenye kompyuta. Mafaili matatu leo yameandikwa "Mkono umevimba." Basi! Mkono gani? Kidole au kiganja? Ni ngozi tu au kuna usaha? Kila jibu lina namba yake. Nimeyarudisha yote kwa Daktari Mutiso. Amenitazama kama mtu aliyeletewa chai bila sukari.

Wenzangu sasa wananiita Mkono Gani. Na waniite. Mimi sibahatishi.

Jumanne, 6 Januari

Nimenunua samaki, changu mmoja, kwa wavuvi wa ufuo wa Shelly. Nikimpara, mwiba wa mgongoni umenichoma kidole cha shahada. Damu kidogo. Nimenyonya, nikaendelea kukuna nazi. Changu mtamu ajabu, nimesaza wa kesho.

Alhamisi, 8 Januari

Sikulala. Kidole kimevimba, kinapwita. Nilijiambia ni mdudu wa kidole tu, kama wanavyosema wagonjwa wote. Naandika kwa mkono wa kushoto. Maandishi kama kuku amechakura. Maneno machache basi.

Nimekwenda kwa Mutiso. Nilijua atanicheka. Hakucheka. Ameniuliza maswali yangu mwenyewe, moja moja, na kuyaandika ukurasa mzima. Mkono wa kulia. Kidole cha shahada. Upande wa kiganja. Mwiba wa samaki. Usaha bado hauonekani. Nimesoma juu mpaka chini, sikuona cha kurudisha.

Ngozi yangu nyeusi, wekundu haujitokezi. Amepapasa polepole mpaka pale joto linapoishia, nyuma ya mkono, akachora mstari kwa kalamu. Pembeni akaandika saa. Kanipa dawa na barua. Uvimbe ukivuka mstari, au kidole kikikataa kunyooka, nisirudi kwake. Nivuke feri, niende hospitali kubwa. Kidole hiki mtu anaweza kukipoteza, amesema wazi. Afadhali amesema. Naogopa sana.

Ijumaa, 9 Januari

Joto. Hakuna hata kijiupepo. Jasho linafuta mstari. Nimejaribu kuupitia kwa kalamu nyingine, mkono wa kushoto ukaupeleka kombo, nimeacha. Ukifutika, nitajuaje kama uvimbe umevuka? Nimekaa jikoni nikalia.

Bi Rukia ameingia. Jirani yangu, mchora hina wa maharusi. Hodi yake na mguu wake huingia pamoja. Ameuona mkono, akarudi kwake, akaja na hina. Nimeuficha mkono nyuma. Najua watu wanavyopaka hina vidonda wakidhani ni dawa.

"Kadzo mwanangu, kidonda chako sikigusi," akasema. "Nataka mpaka wake tu."

Amefuata alama ya kalamu iliyobaki, juu ya ngozi isiyo na kidonda, mstari mwembamba kama uzi. Na ile saa ya daktari akaiandika pembeni, tarakimu kwa tarakimu. Bibi harusi anamngoja tangu mchana. Simu imelia, imelia, hakuishika. Kaketi karibu nami akinipepea kwa kipepeo cha mkaa mpaka hina ikauke. Sasa natoa jasho nitakavyo, mstari uko pale pale.

Mimi sina mama tena. Leo nimepepewa. Asante, Mungu wangu.

Jumamosi, 10 Januari

Umevuka. Kidole kimejikunja, nikikinyoosha naona nyota. Bila mstari ningejidanganya, ningesema ni kama jana. Bi Rukia keshavaa buibui, yuko mlangoni. Twaenda.

Jumapili, 11 Januari

Wodini. Niko hai, nina vidole vyangu vyote. Nimevihesabu mara mbili.

Jana kwenye feri watu walitupisha bila kuombwa. Mama mmoja asiyenijua ameushika mkoba wangu njia nzima. Hata jina sikumuuliza. Mungu amlipe.

Hospitalini daktari wa zamu, mwanamke mrefu mwenye haraka, ameiona hina akawaka. Kwani nyinyi hamchoki kupakapaka vitu? Mimi nimeanza kuitafuta barua mkobani kwa mkono mmoja. Bi Rukia ndiye aliyejibu, taratibu, kama anazungumza na mwanawe.

"Hiyo si dawa, daktari. Hapo ndipo ugonjwa ulipofika juzi. Tazama ulipo leo."

Daktari ameinama. Ameisoma saa kwenye ngozi yangu, kisha barua ya Mutiso, kisha amekishika kidole. Amebadilika hapo hapo. Ameita watu. Nimeingizwa chumba cha upasuaji kabla hata Bi Rukia hajapata pa kukaa.

Usaha ulikuwa ndani kabisa, kwenye ganda la mshipa unaokunja kidole. Leo asubuhi daktari amekuja mwenyewe kuniambia. Ningengoja mpaka leo, angekata. Kisha amemwomba Bi Rukia radhi, mbele ya wodi nzima. Bi Rukia kamwambia akiolewa asitafute mchora hina mwingine. Wodi imecheka. Nami nimecheka, mkono ukaniuma, sikujali.

Jumatano, 14 Januari

Kimesogea. Kidogo tu, ncha. Nimemwaga machozi mbele ya nesi. Sioni haya.

Jumatatu, 26 Januari

Nimerudi kazini, kwa mkono wa kushoto. Kwenye rundo nimelikuta faili langu mwenyewe. Nimelipa namba yake sawasawa, mkono, kidole, upande, vyote vimo. Ni mara ya kwanza namba hizo zimenitoa machozi. Kumbe kila faili lina mtu kama mimi, anayelia jikoni kwake.

Nimempelekea Mutiso mahamri na mbaazi. Amekula yote, ameinamia mafaili yake kwa kuona haya. Nimemshukuru mpaka akaniomba nitoke, ana wagonjwa.

Saa tisa limeletwa faili. Mwandiko wake. "Mkono umevimba." Wallahi, nimecheka peke yangu. Nimelirudisha. Shukrani ni shukrani, kazi ni kazi.

Jumapili, 1 Februari

Naandika kwa mkono wa kulia. Polepole, herufi zimepinda, lakini ni zangu.

Baada ya kanisa nimekwenda kwa Bi Rukia. Mstari umefifia, umebaki kivuli cha rangi ya chai. Nimemwambia leo nataka maua, kama bibi harusi. Amepiga vigelegele, majirani wakachungulia kuuliza naolewa na nani. Amechekecha hina, akaikoroga, akavuta mkeka. Akaniangalia kwa ile sura yake ya uchokozi.

"Mkono gani?"

Nimempa yote miwili.