Mikono Iliyosugua Bampa ya Lado

Mama Kendi wangu,

Ile gari nyeusi ya Lado imerudi gereji. Najua unaikumbuka, maana siku ya kwanza uliicheka mpaka ukakaa chini. Gari ya spoti, milango miwili, tumbo karibu liguse barabara, na mwenyewe anaishi mtaa wa Hai Malakal hapa Juba, ambako mvua ikinyesha hata pikipiki zinachagua pa kupita. Ulitaka kujua aliinunua aiendeshe wapi. Lado, aliyekulia Nakuru kabla ya kurudi kwao, alikusikia, akakujibu kwa Kiswahili chetu kabisa kwamba hata yeye anajiuliza.

Mara ile alikuwa ameingia shimo, na bampa ya mbele ilikuwa na ufa wa shubiri moja na nusu upande wa kushoto. Niliifungua, nikaigeuza juu ya meza, nikatoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia. Kisha nikauziba kwa ndani na chuma cha moto, nikiyeyusha vipande vya bampa kuukuu ya plastiki ya aina ileile. Hiyo ni kazi yangu na siogopi kujisifu. Lakini nikishapaka fila juu yake, lile rojo la kujazia mabonde kabla ya rangi, kazi ilikuwa inahamia kwako. Ulikuwa unafunika sufuria ya githeri, unafuta mikono kwenye leso, unachukua msasa. Ukishasugua, unafumba macho na kupitisha kiganja polepole, kutoka taa hadi taa.

"Hapa kuna bonde," unasema.

Mimi nainama, naangalia, sioni bonde wala mlima. Naweka alama ya penseli kwa kukuridhisha tu. Unaongeza fila, unasugua tena, unapapasa tena, bado. Nilikuwa nakasirika, nakwambia gari ni ya kuendeshwa si ya kupapaswa, na wewe unaendelea kusugua. Nilipopiga rangi ndipo nilipoona ulichokuwa ukikitafuta. Bampa ilitulia kama maji kwenye karai. Ukikosa kuambiwa ufa ulikuwa wapi, huupati.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Lado alikuja kuchukua gari na marafiki zake wawili. Akachuchumaa, akatafuta ufa kwa macho na kwa vidole, akashindwa. Akauliza ni nani alisugua bampa hii. Wewe ulikuwa umesimama kando ya pipa na sinia ya chai. Nikasema ni mimi. Yeye akasema lakini juzi alipopita alimwona mama na msasa mkononi. Ningeweza kunyamaza hapo. Badala yake nilicheka, nikatikisa kichwa.

"Huyo ananiletea chai tu."

Uliweka sinia juu ya pipa, ukaingia ndani. Hukuwahi kushika msasa tena. Haukupita muda ukasema Kendi anahitaji shule nzuri, afadhali akasomee Meru, na mimi nikajifanya mjinga, nikakubali kwamba ni mambo ya shule. Nilikubebea mabegi hadi kwenye basi. Hukulia wala hukunigombeza. Uliniambia tu, "Chai utajipikia," ukapanda.

Najipikia, mama. Imekuwa ikinishinda, lakini si chai ndiyo inayoniumiza. Kinachoniumiza ni mchana, katikati ya kazi, ninapoinua kichwa na kuuliza kwa sauti, "Hapa je?" Okello, yule Mganda anayechomelea milango pale jirani, anachungulia juu ya mabati akidhani namwita yeye. Namwambia hapana, najisemea. Siku hizi hachungulii tena, na hata hilo limeniuma. Jumapili baada ya kanisa Wakenya wenzetu wakiuliza habari zako, nasema yuko na mtoto shuleni, halafu natafuta mahali pa kukaa peke yangu.

Basi, juzi Lado aliingia shimo jingine, na safari hii bampa imepasuka upande wa kulia. Ule upande wako haujatoa hata mstari. Nilifanya yote ninayoyajua. Nilipuliza rangi nyeusi kidogo juu ya fila ili nikisugua, mabonde yajitokeze. Nikayaona mawili, nikayajaza. Kisha nikafumba macho kama wewe. Mama Kendi, viganja vyangu vimekufa. Miaka yote hii ya chuma cha moto na dawa za rangi imevifanya ngozi ya kiatu. Nilipapasa bampa nzima, nikasikia mikono yangu tu. Nilimwita Okello ajaribu yeye. Akapitisha mkono mara moja akasema, "Hii iko sawa, wewe peleka." Nikapiga rangi.

Lado alikuja jua likiwa limelala upande, wakati ambao gari nyeusi haifichi kitu. Okello alikuwepo, na wateja wawili wa Okello. Lado akaangalia kutoka pembeni, akapitisha mkono, akarudi tena palepale.

"Fundi, ile ya kwanza ilikuwa safi kuliko hii. Umebadilisha nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema fila wanayouza soko la Kastom siku hizi ni mbovu, na wote pale wangeitikia, maana kila mtu analalamika. Lakini niliangalia ule upande wa kushoto, nikashindwa.

Nikamwambia, "Ile ya kwanza alisugua mke wangu. Nilikudanganya."

Akauliza kama ni yule mama wa chai. Nikasema hakuna mama wa chai, huyo ni fundi kunishinda, na mimi ndiye niliyemtolea jina hilo mbele ya watu nikimwona amesimama. Hakuna aliyecheka. Lado akaniuliza kama wewe unajua nimesema hivyo. Nikamwambia bado. Aliondoka na gari yake na lile bonde lake, na nimeliacha lionekane jinsi lilivyo.

Nimeiandika barua hii wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu nilikukana wazi. Siombi urudi kusugua bampa za watu. Hata kurudi kwenyewe sina uso wa kukuomba. Ila kila nikipiga simu unapokea, unasema, "Kendi, shika, baba yako," na sauti yako inaishia hapo. Nitapiga Jumapili. Nakuomba usimwite mtoto upesi. Nishikie simu dakika moja, wewe mwenyewe, unisikie nikisema kwa mdomo wangu kwamba bampa ile ulisugua wewe.

Wako aliyekukosea,
Baba Kendi,
Juba