Jedwali la Mkopo wa Mashine ya Kahawa

Tunduma,
8 Februari 2004

Mama, shikamoo.
Mimi mzima, ila tope la huku mpakani limenishinda. Mguu wako unaendeleaje? Nimekutengenezea kwenye kompyuta ya ofisi jedwali la ule mkopo wa mashine ya kumenya kahawa: laki sita, miezi kumi na miwili, riba asilimia mbili. Kila mstari ni mwezi mmoja. Kila mwezi peleka kwenye chama chenu cha kukopeshana shilingi 50,543. Fuata karatasi hii tu, usikubali kuzungushwa.
Mwanao,
Jenista

Ihanda,
30 Mei 2004

Mwanangu, marahaba.
Nyumbani wazima, mguu bado. Ila nina hasira! Miezi minne nimelipa kama karatasi isemavyo, sijachelewa hata siku moja, na karani anapokea kimya. Jana mkutanoni Jonasi, mhazini wetu, akasoma jina langu kati ya wadaiwa sugu. Nikamwonyesha karatasi. Akasema, "Mama Jenista, hesabu hii si yetu. Ni 56,736." Nikamwita mwizi mbele ya watu wote. Mkewe, Loisi, akatoka analia. Sasa wanasema wataichukua mashine. Niandikie barua kali nikamsomee.
Mama yako

Tunduma,
6 Juni 2004

Mama, shikamoo.
Sijui nianzie wapi. Nimelifungua lile jedwali upya. Riba ya chama ni asilimia mbili kwa mwezi. Mimi niliidhania ya mwaka, nikaigawa kwa kumi na mbili. Nilikosea kisanduku kimoja tu cha jedwali, mistari yote ikaharibika. Jonasi yuko sahihi. Nimeweka humu jedwali jipya na elfu ishirini na tano za kuziba pengo. Nakuomba, usiseme ni mimi. Huko wananiita msomi.
Mwanao,
Jenista

Tunduma,
27 Juni 2004

Mama, shikamoo.
Wiki tatu hujajibu. Dereva wa basi niliyempa barua anasema bahasha alikupa mkononi. Hata neno moja, mama?
Jenista

Ihanda,
4 Julai 2004

Jenista, marahaba.
Fedha nimelipa, mashine ipo. Nilisimama mkutanoni nikaomba radhi. Jonasi akasema yamekwisha. Loisi mpaka leo haitikii salamu yangu. Kisha wakauliza karatasi ilitoka wapi. Nikanyamaza, kama ulivyotaka. Basi wameamini niliitunga mwenyewe nipunguze deni. Wameniondoa kwenye kamati ya kina mama, na hakuna aliyenitetea.
Mkutano mwingine ni Jumamosi, tarehe 17. Njoo useme kwa mdomo wako. Barua usiandike tena.
Mama yako