Kiwaya Nilichokikata

Berea, Johannesburg
Agosti 2017

Kaka Shabani,

Shikamoo. Mgongo unasemaje siku hizi? Na mama, bado hamezi dawa mpaka abembelezwe? Mimi mwili mzima, ila nimepigwa na butwaa tangu Jumamosi, na nilichokifanya sitaki ukisikie kwa mtu mwingine.

Unamkumbuka bosi wangu, mzee Themba, yule aliyezaliwa hapo Morogoro wazazi wake wakiwa ukimbizini. Binti yake Lindiwe anaendesha kigari cha mbio: kiti kimoja, hakina paa, magurudumu yote nje kama miguu ya kaa. Wanaoshindana ni watu wa kawaida tu, wenye gereji na maduka. Nilidhani ni mchezo wa wikiendi. Kaka, seti moja ya matairi ni mshahara wangu wa miezi miwili, na Jumatatu yanatupwa kashata za mpira zikiwa bado zimesimama! Nikayaokota, nikayapanga ukutani, wakanicheka. Kila mwaka bei inapanda, ya matairi, ya mafuta, ya kiingilio. Mwaka huu mzee kauza pikapu yake, anakuja gereji hapa Doornfontein kwa teksi, ndizo daladala za huku, ili binti amalize msimu. Lindiwe alikuwa wa pili kwa pointi, na bingwa hulipiwa msimu mzima wa mwakani.

Basi, wiki iliyopita nikaona injini inavuja oili kidogo. Mzee hakuwepo. Nikakumbuka neno lako, injini usiyoifungua mwenyewe usiiamini. Kwenye boliti palikuwa na kiwaya chembamba chenye kidonge cha madini ya risasi, sawasawa na vile vya pampu za malori tulivyokuwa tukivikata kila siku hapo gereji. Nikakikata. Nikabadilisha gasketi, nikafunga, nikajisifu kwamba nimemwokolea mzee hela.

Jumamosi Lindiwe akawa wa kwanza. Mkaguzi akainama, akashika boliti, akauliza kiwaya kiko wapi. Nikamjibu kwa kicheko kwamba kiko kwenye pipa la taka Doornfontein. Kumbe kile ndicho ushahidi kwamba hakuna aliyeiongezea injini nguvu. Viwaya hivyo wameviweka ili wenye hela wasiwazidi wasio nazo! Ukikikata, unahesabiwa umeiba. Wakamfutia pointi zote za msimu. Na kukifunga kingine, injini yote lazima ifunguliwe na fundi wao, kwa bei ya pikapu ambayo haipo tena. Nikakaa chini kwenye lami mbele za watu.

Mzee hakunifokea. Alisema "eish" moja tu, kama sisi tunavyosema "dah", akaenda kusimama nyuma ya trela. Lindiwe ndiye aliyenijia, helmeti mkononi, na Kiswahili chake cha kuungaunga.

"Ulipofungua, ndani ulikuta ubaya?"

"Hapana, dada. Ilikuwa nzima."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kuvua glovu. Kigari kinauzwa wiki hii. Nimekifungia yale matairi niliyookota, maana mengine hatuna.

Nisalimie mama, shemeji yangu mpika vitumbua, na mjomba wa reli. Waambie nina kazi bado, mzee hakunifukuza, na hilo ndilo linaloniumiza.

Kiwaya nilikifukua pipani, kimo ndani ya bahasha hii. Kitundike juu ya meza yako ya kazi. Wewe huna kosa, kaka. Mzee alikuwa umbali wa simu moja, nami sikuuliza.

Mdogo wako,
Idi