Wanataka Kumkata Maswali Tena

Chumba Na. 6,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
11 Machi

Mpendwa Kaka,

Unisamehe. Miezi minane tangu tuagane pale hospitali ya kwenu, na sijakuandikia hata mstari. Kila nikishika kalamu, mtoto anatapika au mteja anagonga anataka sare ninayomshonea. U hali gani? Nyonga walipokutoboa kutoa uboho bado inauma? Wifi hajambo? Sisi tunapumua.

Nianze na jema. Damu ya Maswali imetulia. Na tumbo lile, lililounguzwa na dawa kali kabla hajawekewa uboho wako, linapona. Wiki ya tatu hii haharishi damu. Daktari alichukua kinyama kidogo cha utumbo ahakikishe, ndipo amtoe mpira wa puani, mtoto ale kwa mdomo kama watu.

Sasa sikia. Tangu wachanganye chupa za wagonjwa mwaka jana, maabara yetu hupima kila kinyama kwanza kama ni cha kike au cha kiume. Mkuu wao kaniita dirishani, foleni nzima inasikiliza.

"Mama, fomu imeandikwa KE. Humu mna seli za ME. Umeleta chupa ya nani?"

"Kwani mimi nauza chupa?"

"Usinipandishie sauti. Mashine haidanganyi."

Kinyama cha mwanangu kakikataa, kakiweka kando! Hakuuliza hata mtoto alitibiwa nini.

Daktari ndiye aliyenieleza polepole. Seli zile ni zako. Hazikubaki kwenye damu tu. Baadhi zimefika hadi kwenye utumbo, zikajishika palipochubuka, zikasaidia kuotesha utando mpya. Nyingi ni zake mwenyewe, ila zako zimo. Nililia palepale. Nilikuona umeinama ndani ya mwanangu, unashona viraka.

Lakini mkuu yule kashikilia uzi uleule: bila karatasi ya mtoaji uboho, jibu haliandikwi. Nayo faili iko huko kwenu. Jumatano tarehe 25 wanataka kumlaza tena wamkate kingine. Wakate palipopona, ili fomu yao istarehe! Waliniletea kalamu nitie saini, nikairudisha. Muuguzi kaniita mkorofi. Na niwe.

Maswali naye aliyasikia ya dirishani. Kaniuliza kama ataota ndevu kama Mjomba. Nikamwambia aote kwanza meno ya mbele.

Baba yake anakusalimu, zamu za kiwanda cha mikate zimemmaliza. Mama anakuombea kila asubuhi. Nisalimie wifi na wale pacha. Mungu akulinde mpaka kwenye kucha.

Ninavyotaka unitumie ni hivi:

Barua ya hospitali yenu, yenye muhuri, iseme wewe ndiye mtoaji na ni mwanamume. Waandike "mwanamume" kwa herufi, wasiweke alama tu.

Nakala ya faili ya upandikizaji, kurasa zote.

Nakala ya kitambulisho chako, pande mbili.

Mistari michache kwa Maswali, kwa mkono wako, herufi kubwa. Ameanza kusoma.

Vyote viwe hapa kabla ya tarehe 25. Vikichelewa, panda gari uje usimame dirishani mwenyewe. Mimi saini sitii.

Dada yako akupendaye,
Mama Maswali