Vidonge vya Kugawiana

Mdogo wangu kipenzi,

Salamu tele kutoka kwangu na kwa wote waliomo humu ndani. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka mabati yanatikisika? Sisi wazima. Nyonga yangu iliyopasuliwa imetulia, sasa naweza kugombana na muuza duka nikiwa nimesimama. Anayeandika ni mkwe wangu, mke wa mwanangu. Maneno ni yangu, nimemkataza kuyalainisha.

Nasikia jirani yako amekugawia vidonge vyake vikali vya maumivu uongezee kwenye vyako. Usiviguse mpaka umalize barua hii.

Juzi alikuja mtafiti wa idara ya afya, mama mpole mwenye viatu vya kubana. Anapita nyumba kwa nyumba kuuliza kama juhudi zao za kuzuia watu wasife kwa vidonge hivyo zimefaa kitu. Nikamtilia chai, nikamwambia avue viatu kwanza ndipo tuseme ukweli.

Akauliza kuhusu mabango. Nikamwambia mimi sikusoma, na yule mtu waliyemchora ameshika shavu nilidhani ana jino bovu. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Akauliza kuhusu sanduku la duka la dawa, la kurudishia vidonge vilivyobaki. Nikamwambia sanduku zuri, lakini kwetu nani anarudisha? Mtu akipona anamwekea dada yake, anamgawia jirani. Ndiyo mapenzi yetu. Akauliza, basi kilichofaa ni nini? Nikamwambia ni mafunzo ya zahanati, na ile dawa ya kupuliza puani, ya kumzindua aliyezidiwa na vidonge, waliyompa mkwe wangu. Siku aliyorudi nayo nilimcheka, nikamwuliza kama alikwenda kusomea kupiga chafya.

Mwisho akauliza kama humu ndani yupo aliyewahi kuzidiwa na vidonge. Nikamwambia yupo. Akashusha sauti, akanipa pole, akataka kujua marehemu alikuwa nani wangu. Nikamwambia si marehemu, ndiye aliyekutilia chai.

Ndiyo, mdogo wangu. Wiki ile niliyokwambia nina homa, haikuwa homa. Nyonga iliwaka, nikameza kidonge changu cha maumivu, nikaongeza cha usingizi alichonigawia jirani kwa huruma zake. Mkwe wangu alinikuta kitini, midomo imebadilika rangi, pumzi inakuja kwa kubembelezwa. Akanipulizia ile dawa, akanilaza ubavu, akapiga kelele gari litafutwe. Hospitali walisema angechelewa kidogo tu, leo mngekuwa mnagawana nguo zangu.

Hapa ameacha kuandika, analia. Andika, mwanangu, wino unakauka!

Jumamosi anakuja kwako na dawa ya pua. Mpe vidonge vyote vya jirani avipeleke kwenye lile sanduku, na shemeji akae chini afundishwe kupuliza. Usiniambie kwamba unajijua. Hata mimi nilikuwa najijua.

Wabusu wajukuu wote, hata yule mtundu. Ukikaidi nitakuja mwenyewe na mkongojo wangu, na sitakuja kuutembelea.

Ni mimi dada yako, ninayekutaka uzeeke nami.