Siku Ambazo Mvua Haikupimwa

Njoro, Jumatatu, Februari 2008

Wewe utakayefungua daftari hili, nakusihi, usimwambie mtu.

Mzee aliyetupimia mvua alifukuzwa nyumbani kwake Januari katika vurugu za baada ya uchaguzi, na kipimo chake kikakosa msomaji. Leo bosi kaniambia, "Wee jaza sufuri tu, kijana. Nairobi wanataka ripoti ya mabadiliko ya hali ya hewa, si habari za vita."

Lakini sufuri inasema mvua haikunyesha, na mimi nilinyeshewa mara mbili. Wakipanga mambo ya ukame kwa sufuri zangu...

Nimeandika "haikupimwa" kwenye fomu ya mwezi mzima. Naogopa. Kesho bosi atasaini au atanifuta kazi.

Ukinikosa ofisini, njoo kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao, uulize hema la mzee wa mvua. Nitakuwa hapo naye, tukikumbuka siku ambazo mvua ilinyesha.