Shukrani Aliyoipeleka Mama Ghati Madhabahuni

Mugumu, Serengeti
Jumatatu jioni

Mdogo wangu Tulizo,

Kwanza nipe habari za magoti yako, maana najua baridi ya Njombe haina huruma na watu wa umri wetu. Je, shemeji amepona kikohozi? Viazi mmeshavipandia mbolea? Huku mimi ni mzima kwa kiasi anachoruhusiwa mzee. Mke wangu Bhoke naye yupo, isipokuwa jino moja linamsumbua na hataki kwenda hospitali. Mvua zimeanza, na kila mwenye plau yuko shambani.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Wiki mbili zilizopita uliniambia, "Kaka, kanisa likiingia kwenye fedha za watu litatoka limechafuka," kisha ukakata kabla sijajibu. Sasa tulia usome. Nitaanzia mwanzo, kama ilivyo kawaida yangu.

Unakumbuka nilikueleza habari za Marwa, yule mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa na akili ya hesabu kuliko darasa zima. Sasa ana duka la pembejeo hapa mjini, na ndiye mhazini wa kanisa letu. Mabati mapya ya kanisa ni yeye aliyeyanunua. Pia anakopesha. Watu wa mjini huita mikopo ya namna hiyo kausha damu, lakini Marwa hapendi jina hilo. Kwenye fomu zake hakuna neno riba. Kuna neno shukrani.

Nikueleze inavyokwenda. Ukikopa laki tatu, kila mwezi unapeleka shukrani ya elfu sitini. Shukrani hiyo haipunguzi deni. Ukipeleka miezi saba, umetoa laki nne na ishirini elfu, na laki tatu yake bado iko palepale kama siku ya kwanza. Itaondoka tu siku utakapoileta yote kwa mkupuo. Ukichelewa, anachukua ulichoweka rehani.

Mama Ghati ni mjane wa kule Manchira, upande wa bwawa. Alikopa laki tatu mjukuu wake alipolazwa, akaweka rehani maksai wake wawili, ambao ndio mikono na miguu yake shambani. Hajui kusoma. Alikuja na fomu kwangu, na mimi, Tulizo, ndiye niliyemsomea na kuweka saini kama shahidi. Aliniuliza, "Mwalimu, hii shukrani ndiyo nini?" Nikamjibu, "Ni kama kusema asante, mama. Kila mwezi unamwambia asante kidogo." Nilikuwa na haraka. Na nilimwamini Marwa, kwa kuwa nilimfundisha mimi. Sikumweleza kwamba asante ile haitapunguza kitu.

Basi, Jumapili ya pili ya mwezi huu, ulipofika wakati wa sadaka ya shukrani, mchungaji akatangaza kama siku zote, "Wenye shukrani wapite mbele." Huku watu hupita na kuku, na mahindi, na bahasha. Marwa alikuwa amesimama mbele na kapu. Mama Ghati akapita, akapiga goti, akafungua kitambaa chake, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe:

"Marwa mwanangu, shukrani yako hii hapa, ya mwezi huu. Ile ya mwezi uliopita ulisema haikutosha, nimeongeza. Sasa maksai wangu usije kuwachukua, nalima wiki ijayo."

Wengine walicheka wakidhani ni utani. Marwa akainama. "Mama, si hapa. Njoo dukani."

"Si ulisema Jumapili nilete shukrani? Leo si Jumapili?"

Hapo kicheko kikakatika. Nilitazama viti vya kina mama nikaona nyuso zimeinama, moja baada ya nyingine, nikajua kwamba hakuwa peke yake. Miezi yote ile alikuwa akiamini kwamba anamtolea Mungu kupitia mhazini, na kwamba Mungu anahesabu.

Kesho yake nilipita kwa Hamisi, fundi cherehani jirani yangu, ambaye ni Mwislamu na hana simile. Habari ilikuwa imeshamfikia. Akasimamisha mashine, akanitazama juu ya miwani. "Mwalimu, kwetu riba inaitwa riba, na bado wapo wanaoila, nao wanajua wanakula nini. Nyie mmeibatiza!" Nilicheka, lakini ilinichoma.

Wazee wa kanisa tukakaa Jumanne. Swali lilikuwa moja: je, kanisa liseme, au linyamaze? Maana kwa ile shukrani iliyopungua, mwisho wa mwezi maksai wale wangechukuliwa. Mchungaji, kijana mpole, alitaka tuombe na kuwapatanisha kimyakimya. Mzee mmoja akasema, "Hata hela za kanisa ziko benki, na benki inatoza riba. Tukisema juu ya Marwa, tutasema na benki?" Swali zuri. Nikajibu kwamba ndiyo, na benki pia, itakapostahili. Nikawaeleza kwamba kukopesha kwa malipo si kosa, mradi anayekopa aelewe anachokubali, na kila anacholipa kimsogeze karibu na kumaliza. Deni lisilosogea ni kamba shingoni. Na kanisa likikaa kimya kwa sababu ya mabati, basi mabati yale ni bei ya mdomo wetu.

Marwa mwenyewe alikuwepo. Hakupiga kelele. "Mwalimu, mimi sijamfuata mtu nyumbani. Benki imewadai hati ya kiwanja, mimi nimewadai hati? Mtoto akiugua wanakuja kwangu. Wewe umewahi kumkopesha nani? Na saini za ushahidi ni za nani?"

Tulizo, nilimjibu kwamba saini ni zangu. Jumapili iliyofuata, kwa ruhusa ya wazee, nilisimama mbele ya kanisa. Sikuanza na Marwa. Nilisema kwamba nimesaini karatasi nyingi za watu waliomo humu ndani, na kwamba niliwasomea maneno bila kuwasomea maana. Nikaieleza ile hesabu polepole, laki tatu na elfu sitini, mpaka watoto wakaelewa. Kisha nikasoma walichokubaliana wazee: kwamba neno shukrani katika kanisa hili halitatumika kwa deni lolote, na kwamba Mkristo anayekopesha ahesabu alichokwisha kupokea. Marwa aliweka kapu mezani taratibu, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Mpaka leo hawajarudi.

Jumatatu alituma ujumbe. Maksai wa Mama Ghati hatawagusa, deni lake amelifuta. Ila waumini wengine wote wamalize madeni yao mwisho wa mwezi, na asije mtu wa kanisa letu kukopa kwake tena.

Nilikwenda Manchira nikiwa na furaha, nakiri. Nilimkuta akilima, maksai mbele, mjukuu wake wa kike kashika plau. Nikampa habari. Nilitegemea angalau ashukuru. Alisimamisha wanyama, akakaa kwenye tuta.

"Mwalimu, mmesema vizuri. Mmesema tumeonewa. Ni kweli." Akamnyooshea kidole mjukuu wake. "Sasa mtoto huyu akiugua tena, nije kwa nani? Kwako?"

"Mama, tutaangalia..."

"Mtaangalia! Marwa alikuwa mbaya, lakini mlango wake ulikuwa unafunguka. Mmeufunga. Mlango wenu uko wapi?"

Nilikaa naye pale tutani. 

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili. Kanisa lina wajibu wa kusema, na ulikosea kuniambia ninyamaze. Lakini ulikuwa sahihi kwa jambo ambalo hukulisema: kusema ni sehemu rahisi. Nilidhani kazi imekwisha nilipokaa chini Jumapili ile, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Ndiyo maana naomba msaada wako. Kile kikundi cha akina mama wa kanisa lenu, mnamoweka akiba na kukopeshana wenyewe, nasikia kina katiba iliyoandikwa. Nikopie yote kwa mkono wako na unitumie. Usinifupishie. Nataka kujua mnamfanyaje mtu aliyefiwa au anayeuguza, na mnamfanyaje mkubwa anayetaka kukopa kuliko wenzake. Mahali mlipokosea pia uandike, hata kama ni aibu. Wazee wamekubali tukutane Jumamosi ya wiki ijayo, na Mama Ghati amesema atakuja, lakini safari hii anataka kusomewa kila mstari mara mbili, na msomaji asiwe mimi. Atasoma mjukuu wake.

Mpe shemeji pole ya kikohozi, na umwambie anywe maji ya moto aache ubishi. Mwambie mama mdogo wa pale mtoni kwamba shuka alilonitumia linanitosha. Wapwa wangu wote wabusu, hasa huyo mdogo anayeanza shule. Bhoke anakusalimu sana na anauliza kama mbegu zile za maharage zilifika.

Barua yako itanikuta hapahapa.

Kaka yako,
Ezekia